Kamuulizeni Maloba

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mkalimani wa mahakama mjini Tororo, Uganda. Jina langu ni Osire, mtu wa Petta. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kizimba, kuyapokea maneno ya watu kwa Ateso, Dhopadhola, Lusamia au Kiswahili, kuyapeleka kwa hakimu kwa Kiingereza, kisha kuyarudisha. Nimesikia uongo katika lugha tano na sikuona tofauti kubwa. Wengi wa waongo hao niliwahurumia. Mtu aliyebanwa husema lolote. Emojong wa Molo sikumhurumia. Nilimdharau tangu siku ya kwanza, bado ninamdharau, na habari yake nitaisimulia bila kujifanya kwamba nimesamehe.

Emojong alizaliwa Molo katika nyumba ya mkulima mzuri, mtu aliyeacha ng'ombe wenye afya na mipaka isiyo na ugomvi. Yeye mwenyewe hakupenda jembe. Ujanani alipata kibarua cha jikoni katika kambi ya jeshi ya Rubongi, akakaa miaka sita akikoroga maharage. Hakuwahi kuapishwa, hakuwahi kupewa bunduki, wala hakuwahi kupiga kwata isipokuwa alipokuwa akikimbia mvua na sufuria. Aliporudi Molo alivaa koti la kijani na kuwaambia watu wamwite Afande. Ukimwita mzee, alikutazama kana kwamba umemtemea mate.

Mahali fulani aliokota pia kitabu cha sheria kisicho na jalada. Alikibeba ndani ya mfuko wa plastiki kwenda kila msiba na kila mkutano. Watu wakizungumza, yeye alisubiri, kisha aliinua kidole na kusema, "Kisheria, hapo mmekosea." Kwa miaka kadhaa walimwamini. Mtu mmoja alimfuata kwa ushauri, naye akamshauri amshtaki mama mkwe wake kwa ajili ya fahali. Kesi ilitupwa asubuhi ile ile iliposomwa, na mke wa yule mtu akarudi kwao. Emojong alisema hakimu alikuwa mgeni wa sheria.

Dharau ilikuwa chakula chake. Aliwadharau wachuuzi kwa sababu walibeba mizigo, makatekista kwa sababu walivaa kandambili, wanawake waliosema mkutanoni kwa sababu walisema. Lakini mtu ambaye Emojong alimdharau kila siku, kwa utaratibu, kama mtu anayenyoa ndevu, alikuwa Maloba.

Maloba alikuwa Msamia wa upande wa Kenya. Alivuka akiwa kijana kutafuta kazi ya kulima, akaishia kwa Emojong, akakaa miaka kumi na mmoja katika kibanda kilichokuwa pembeni ya uwanja. Alilima kwa ng'ombe, alichunga, alikata nyasi za kuezekea, alichimba makaburi ya ukoo ambao haukuwa wake. Emojong hakumwita kwa jina. Alimwita jembe. "Jembe langu liko wapi?" aliuliza asubuhi, na Maloba alitoka akiitika. Jioni za Jumapili wanaume walipozunguka chungu cha ajono, kila mmoja na mrija wake, Maloba alikaa nje ya duara. Alipewa mrija wenzake walipokwisha kunywa, baada ya maji ya moto kuongezwa mara nyingi hadi pombe hiyo ya ulezi ikabaki rangi tu.

Mwishowe fahali alimbana Maloba kwenye mwimo wa zizi, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Emojong alimtazama akichechemea kwa mwezi mmoja, kisha akamwambia arudi kwao. "Mpini umevunjika," aliwaambia majirani. Hakumpa hata kuku.

Sasa nije kwa jirani.

Shamba la Emojong lilipakana na la mama mmoja aitwaye Asekenye. Watu walimwita Mama Akol, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Baba yake Emojong na mume wa Asekenye walikuwa wamepanda mstari wa mikonge kati yao, mikonge ishirini na mitatu, kutoka njia ya ng'ombe hadi kinamasini. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeuliza mpaka ulikuwa wapi. Ulionekana hata na mbuzi.

Mume wa Asekenye alifariki, akazikwa ndani ya shamba lake, upande unaoelekea mikonge ile. Baada ya matanga Asekenye alikwenda kwao Petta kupumzika, akakaa miezi miwili. Aliporudi, alisimama kwenye kaburi la mume wake akaona jambo ambalo lilimfanya adhani huzuni imemharibu akili. Mikonge ilikuwa imekaribia. Ilikuwa ile ile, ishirini na mitatu, imenyooka vile vile, lakini kaburi ambalo lilikuwa ndani ya shamba lake hatua nyingi sasa lilikuwa karibu kuguswa na majani yake yenye miiba.

Alimwendea Emojong.

"Afande, mikonge imesogea."

"Mikonge haina miguu, Mama Akol."

"Basi aliye na miguu ameisogeza."

"Macho ya mjane yamejaa machozi," alisema Emojong. "Hayaoni sawasawa. Rudi ulie umalize, kisha uje."

Alisema hivyo mbele ya watu, na wengine walicheka. Hilo ndilo jambo ambalo Asekenye alinieleza miaka mingi baadaye kwenye baraza ya mahakama. Hatua tisa za udongo, alisema, angeweza kuzivumilia. Kicheko kile hakuweza. Alinyamaza lakini hakusahau. Alilima palipobaki.

Angeendelea kunyamaza, nadhani, kama Emojong angebaki na tamaa ya kulima. Lakini Maloba alipokuwa amekwisha fukuzwa miaka mitatu, Emojong aliona udongo wa upande ule unafaa kwa matofali, akaanza kuchimba. Shamba lililolimwa na mwingine bado lipo, siku moja utalirudia. Udongo uliofyatuliwa matofali hupakiwa kwenye lori ukaenda kuwa ukuta wa mtu mjini. Mashimo yalipofika hatua nne kutoka kaburini, Asekenye alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Opendi, akadai mkutano.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika darasa la shule ya msingi. Walikuja watu kama arobaini. Kwa kuwa wengine walikuwa Iteso, wengine Jopadhola, na wawili watatu Wasamia, walizungumza Kiswahili. Opendi aliongoza. Katibu wa kijiji, dada mmoja aitwaye Ritah, aliandika katika daftari lake kubwa. Ritah alikuwa na ugonjwa wa kuandika kila kitu, hata mtu akipiga chafya, na watu walikuwa wakimtania kwa hilo.

Asekenye alieleza habari yake kwa ufupi. Opendi akamgeukia Emojong.

"Afande, unajibu nini?"

Emojong alisimama na kitabu chake ndani ya mfuko.

"Mwenyekiti, mimi sibishani na mwanamke juu ya mikonge. Mpaka ni ule ule, tangu marehemu baba. Nani alikuwa kwa hilo shamba kila siku? Mimi? Mimi ni mtu ya kazi ya ofisi. Alikuwa Maloba. Hata panya wa huko anawajua kwa jina. Kamuulizeni Maloba! Lile atasema Maloba, mimi nakubali. Ritah, andika hapo: lile atasema Maloba, Emojong anakubali."

Watu walicheka tena, na Ritah akaandika.

Hesabu ya Emojong ilikuwa rahisi, na ilikuwa hesabu ya mtu mdogo. Hakuna aliyejua Maloba alikuwa wapi; alikuwa amemezwa na Busia. Akipatikana, angeogopa. Na hata asingeogopa, hangesema, kwa maana mikono iliyong'oa mikonge ile ilikuwa ya Maloba mwenyewe. Nani hujishtaki? Zaidi ya yote, Emojong hakuamini kwamba Maloba alikuwa mtu wa kusema. Jembe husema nini?

Asekenye hakucheka. Jumanne iliyofuata yeye, Opendi na Ritah walipanda gari hadi Busia, wakavuka mpaka kwa miguu, wakaanza kuuliza. Waliuliza kwa waendesha baiskeli, kwa wauza omena, kwa mama mmoja wa mandazi. Saa nane mchana wakaelekezwa nyuma ya soko la mahindi, upande wa Kenya. Hapo walimkuta Maloba amekaa juu ya gunia, mguu mbaya umenyooshwa, akiziba tairi la ndani la baiskeli. Alikuwa amekonda, na kila baada ya maneno machache alikohoa.

Alimtambua Asekenye kabla hajasalimiwa.

"Mama Akol. Umefika hadi huku?"

"Nimefika, Maloba. Habari ya mwili?"

"Mwili upo. Karibuni. Sina viti."

Walikaa juu ya magunia. Opendi, kama mwenyekiti, ndiye aliyeeleza. Alimwambia habari ya mashimo, kaburi na mkutano. "Hatukuja kwa ujanja," alisema. "Emojong mwenyewe ndiye ametutuma kwako. Amesema mbele ya watu, kamuulizeni Maloba, lile atakalosema Maloba mimi nakubali."

Maloba aliweka chini tairi.

"Amesema Maloba? Alilitaja hilo jina?"

"Alilitaja. Katibu hapa ameandika."

"Hebu nione."

Ritah alifungua daftari akaweka kidole chake chini ya neno. Maloba hakuwa msomaji mzuri, lakini jina lake alilijua. Alilitazama kwa muda mrefu, akakohoa, akajifuta mdomo.

"Basi andikeni vizuri," alisema. "Ni mimi niliing'oa. Tulifanya siku tatu, huyu mama akiwa Petta. Yeye alikaa kwenye kiti na kamba, ananyoosha mstari, mimi nang'oa na kupanda. Tulisogeza hatua tisa. Nilimwuliza, mwenyewe akirudi je? Akaniambia mwanamke hajui kuhesabu hatua."



"Miwili ilinishinda," Maloba aliendelea. "Ile iliyoelekeana na kaburi. Mizizi ilikuwa imeshika, na mimi nilimwogopa marehemu. Nikakata juu, nikafukia visiki, nikatafuta mikonge miwili kwingine nikapanda ili hesabu itimie. Hilo hata yeye hajui. Nendeni mchimbe, mtavikuta."

Ritah aliinua kalamu. "Mzee Maloba, unaelewa kwamba unajitaja wewe mwenyewe? Mtu anaweza kukushtaki kwa haya."

"Dada yangu, nimebaki na nini cha kushtakiwa?"

Alimgeukia Asekenye. "Mama, nilipita mbele yako miaka ile yote nikikusalimia. Nilikuwa naona aibu. Nisamehe."

"Ungesema siku ile," Asekenye alimwambia.

"Ningesema. Sikusema."

Ndivyo walivyoachana. Maloba aliandika jina lake chini ya ukurasa kwa herufi kubwa, Ritah na Opendi wakaweka sahihi zao. Asekenye alinunua tairi la ndani ambalo hakulihitaji, na wakavuka kurudi.

Emojong aliposomewa maneno yale alitikisa kichwa kwa huruma ya uongo. "Maneno ya mlevi wa ng'ambo," alisema, "yameandikwa na msichana." Akaendelea kuchimba. Asekenye akafungua kesi Tororo, akaomba kwanza amri ya kusimamisha uchimbaji, akaipata. Aliwakilishwa na wakili kijana, Barbara, aliyekuwa akiwasaidia bure watu wasio na uwezo. Barbara alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia ya kutazama karatasi zake muda mrefu kabla ya kuuliza swali. Emojong alimwona siku ya kwanza akaniambia mimi, ambaye sikumuuliza, "Huyu nitammaliza kabla ya chai."

Miezi minne kabla ya shahidi wa kwanza kusikilizwa, Maloba alifariki kwa ule ugonjwa wa kifua. Habari ilimfikia Emojong sokoni. Nilisimuliwa na watu wawili tofauti kwamba alipiga makofi mara moja na kusema, "Shahidi amekwenda na ushahidi wake." Mtu amekufa, mtu aliyemfanyia kazi miaka kumi na mmoja, aliyemchimbia baba yake kaburi, naye akapiga makofi. Sikuona haja ya kujua zaidi juu yake, lakini kazi yangu ilinilazimu.

Kesi ilianza. Asekenye alitoa ushahidi wake. Kisha Ritah alipanda na daftari, na mara alipofungua ukurasa wa Busia wakili wa Emojong alisimama. Alikuwa mtu mzima, mjuzi wa kazi yake, na pingamizi lake lilikuwa la maana. Marehemu Maloba, alisema, si mdai wala si mdaiwa. Ni mtu wa tatu. Mtu wa nje akikiri jambo, anajifunga yeye mwenyewe. Hawezi kumfunga jirani yake. La sivyo kila mwenye chuki angetafuta mlevi wa kukiri kwa niaba ya adui yake. Tena huyu hayupo, hawezi kuulizwa maswali. Haya ni maneno ya kuambiwa, hayafai kuingia.

Niliyatafsiri yote kwa Ateso, kwa maana Emojong alitaka kuyasikia kwa lugha yake. Alikuwa akitabasamu kama mtu anayesikia wimbo wake ukipigwa.

Barbara alitazama karatasi zake. Akasema anakubaliana na mwenzake kuhusu kanuni hiyo, lakini kanuni ina mlango mmoja, na anaomba uamuzi wa pingamizi usubiri hadi mdaiwa mwenyewe atakaposikilizwa. Hakimu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliandika, akakubali.

Emojong alipanda kizimbani wiki tatu baadaye na koti lake la kijani. Alianza kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha jikoni, na alimwambia hakimu kitu ambacho, nikikitafsiri kwa uaminifu, kilimaanisha kwamba yeye alikuwa ardhi. Hakimu alimwambia atumie lugha anayoijua. Alikasirika, akachagua Kiswahili, nami nikawa kazini.

Wakili wake alimwongoza vizuri. Mpaka ni wa zamani, mikonge haijaguswa, Asekenye ana wivu. Kisha Barbara alisimama. Alimwuliza habari ya mashimo, kiti, kamba. Emojong alikataa yote. Wakili wake alikuwa ametulia.

"Mzee Emojong," Barbara aliuliza, "siku ya mkutano shuleni ulimtaja mtu aitwaye Maloba?"

"Mimi ni Afande."

"Ulimtaja?"

Hapo angeweza kusema hakumbuki. Wakili wake, naamini, alikuwa amemfundisha kusema hivyo. Lakini watu kumi na zaidi wa Molo walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na Emojong hangeweza kusimama mbele ya watu akaonekana kukwepa swali la msichana.

"Nilimtaja. Kwani nini?"

"Ulisema nini?"

"Nilisema, kamuulizeni Maloba."

"Na nini tena?"

"Nilisema lile atasema Maloba, mimi nakubali." Akageuka kwa mabenchi, akacheka. "Lakini nilisema kwa dharau tu! Maloba ni nani? Alikuwa mtu wa kuchunga ng'ombe yangu. Sikujua kama wataenda kweli."

Niliyapeleka maneno hayo kwa hakimu kama yalivyotoka. Nilipofika kwenye dharau, hakimu aliacha kuandika.

"Mkalimani, rudia."

Nikarudia. Nilimwona wakili wa Emojong akifunga kalamu yake na kuiweka juu ya meza, polepole.

"Sina swali lingine," alisema Barbara.

Emojong alibaki amesimama, akingojea vita. Ilibidi askari amguse bega ndipo ashuke.

Kabla ya hukumu mahakama yote ilikwenda Molo kuliona shamba. Hakimu alivaa viatu vya mpira. Alisimama mkabala na kaburi, akapima hatua tisa kutoka mstari wa mikonge kuelekea upande wa Emojong, mahali ambapo mashimo hayakuwa yamefika, akaamuru wachimbe kama daftari lilivyosema. Kisiki cha kwanza kilipatikana kabla ya nusu saa, kimeoza, lakini mizizi yake ilikuwa bado imejikunja ardhini kama vidole. Cha pili kilikuwa kando yake, kwenye mstari ule ule. Asekenye alipiga magoti akakishika. Emojong alisema vilikuwa visiki vya mti mwingine. Hakimu alimwuliza mti gani. Alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi, akasema, "Mti wa zamani."

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Hakimu alifafanua jambo lile kwa namna ambayo hata mimi, niliyeyasikia mengi, nililiona upya. Alisema wakili wa mdaiwa ana haki: ukiri wa mtu wa nje haumfungi mwenye kesi. Lakini mwenye kesi mwenyewe akimwonyesha mtu kwa kidole na kusema, nendeni mkamuulize yule juu ya jambo hili, amempa yule mtu nafasi ya kumsemea. Jibu litakalorudi linapokelewa kana kwamba amelitoa yeye. Sheria haiulizi alimtaja kwa heshima au kwa dhihaka. Inauliza kama alimtaja.

Aliongeza kwamba hilo halikuwa mwisho wa mambo. Mdaiwa alikuwa na nafasi ya kuonyesha kwamba Maloba alikosea au alidanganya. "Kwa upande huo," alisoma, "mdaiwa ameieleza mahakama kwamba marehemu alikuwa maskini, mgeni na mchungaji. Hakueleza alikosea wapi." Visiki vilikuwa vimekubaliana na marehemu. Mpaka ungerudi ulipokuwa, na Emojong angeyajaza mashimo yote kwa gharama yake.

Kwenye baraza Emojong alinishika mkono wa shati.

"Osire, wewe umeniuza. Lile neno la dharau ulilitoa wapi?"

"Kinywani mwako, Afande."

"Ulipaswa kulipunguza makali."

Aliandika barua ya malalamiko dhidi yangu, kurasa mbili, na ndani yake alinukuu kitabu chake kisicho na jalada. Nilitakiwa kujibu, nikajibu kwa mistari mitatu, kwa sababu kumbukumbu za kesi zilikuwa zimerekodiwa. Hakuna aliyemjibu yeye. Wakili wake alimshauri asikate rufaa, naye akasema wakili alikuwa amenunuliwa na Wasamia.

Asekenye alivuka tena mpaka baada ya hukumu, safari hii na Ritah peke yake, kumtafuta mjane wa Maloba. Jina lake ni Maggie, anauza mboga karibu na stendi. Walimpelekea unga wa mtama na nakala ya hukumu. Maggie alisikiliza Ritah akiisoma, akifunga mafungu ya sukuma bila kusimama. Mwisho aliuliza kama Maloba alikuwa na kosa lolote la kulipiwa. Walipomwambia hapana, alishusha pumzi. Alisema siku zile za mwisho mume wake alikuwa akisema kwamba ameandika jina lake kwenye kitabu cha serikali ya Uganda, na yeye alidhani ni homa.

Mashimo yalijazwa, ingawa si upesi. Emojong alitafuta vibarua Molo nzima, na kila mmoja siku hiyo alikuwa na kazi nyingine. Akawatafuta Busia, mtu mmoja alikuja, akasikia habari, akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Basi alijaza mwenyewe, na toroli la kukopa, kuanzia Januari hadi mvua zilipoanza. Nilipita huko siku moja nikienda harusini, nikamwona ndani ya shimo hadi kiunoni, anatweta, uso umejaa vumbi jekundu. Mtu mwingine angenitia uchungu. Nilimsalimia, akageuza uso, nikaendelea na safari yangu.

Mvua zilipokwisha udongo ulikuwa umezama, na Asekenye akampeleka Opendi kuangalia. Opendi alimwagiza Emojong aongeze safari arobaini za toroli. Akaongeza. Msimu uliofuata Asekenye alipanda karanga pale. Zilitoka chache, kwa maana udongo wa kujazia hauna nguvu, na sasa anasema atajaribu mihogo.